Chunusi za Bi Harusi

Mama mmoja alinijia tupange nikaha ya bintiye. Katika mazungumzo akataja kuwa binti anameza isotretinoini, dawa ya chunusi sugu, aliyogaiwa na rafikiye. Nilishtuka. Dawa hii, jamaa ya vitamini A, hufaa pale nyingine ziliposhindwa. Lakini hukausha midomo na macho, huweza kudhuru ini, na mimba ikiingia, mtoto huenda akazaliwa na kilema kizito. Ndiyo sababu huandikwa na daktari, baada ya kupima damu na mimba. Hata ikishaachwa, mwanamke hungoja angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba. Nikamwambia: “Mpeleke kwa daktari kesho, wala msione haya kuitaja siku ya harusi.”