Ukame Ndio Unaomfungulia Mwizi Mlango

Simama kwenye mashine yoyote ya kukamua alizeti Singida mjini, uliza kwa nini umeme ni ghali. Jibu utalipata kabla hujamaliza swali: mafisadi! Itatajwa mikataba ya umeme iliyozua kashfa, ya IPTL na ya Richmond, na mjadala utafungwa hapo. Jibu hilo lina hasira ya haki ndani yake, lakini kwa miaka thelathini limetuzuia kufikiri.

Tazama tarehe. Mkataba wa IPTL ulisainiwa mwaka 1995, machungu ya mgao wa umeme ulioletwa na ukame yakiwa bado mabichi. Richmond ilikuja 2006, mabwawa yakiwa yamekauka. Mwaka 2011 maji ya bwawa la Mtera yalipungua tena, ikakodiwa mitambo ya dharura inayotumia mafuta, na Januari 2012 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, ikapandisha bei kwa wastani wa asilimia 40.29. Ukame ulitangulia, mikataba ikafuata. Nchi iliyo gizani haina muda wa kubembeleza bei, na mlafi analijua hilo.

Uhaba hupandisha bei hata Ulaya: kule umeme huuzwa sokoni kwa jumla, na mtambo wa mwisho kuwashwa ili mahitaji yatimie, ambao ndio ghali kuliko yote, ndio unaoweka bei ya wote. Mwaka 2022 gesi ilipoadimika kufuatia vita vya Ukraine, umeme wa upepo nao ukauzwa kwa bei iliyowekwa na gesi. Kwetu hakuna soko la namna hiyo: TANESCO, shirika la umeme la taifa, inanunua, EWURA inaidhinisha bei. Kwa hiyo gharama ya mafuta ya mitambo ya dharura hujilimbikiza kwanza kama deni, kisha humwangukia mteja kwa mkupuo.

Utaniambia sasa tuna Bwawa la Nyerere, megawati 2,115. Ni kazi kubwa na inastahili pongezi. Lakini Mtera, Kidatu, Kihansi na bwawa hilo vyote viko katika bonde moja la Rufiji. Mvua ikigoma huko, inagoma kwa vyote. Tumeongeza megawati, tegemeo letu limebaki lilelile.

Nasi Singida tuna upepo unaovuma kwa nguvu kiangazi, wakati uleule maji yanapopungua. Njia kuu ya kilovolti 400 kutoka Iringa kwenda Shinyanga inapita hapa, na ile ya kwenda Kenya inaanzia hapa. Mashamba makubwa ya upepo yamezungumzwa kwa zaidi ya miaka kumi, na bado ni mazungumzo.

Wezi washitakiwe, wafungwe. Ila mwizi mmoja akifungwa, ukame ujao utamleta mwingine. Mwanasiasa akija Singida kulaani mafisadi, mpigieni makofi, kisha mwulizeni: upepo wetu utaingia lini kwenye gridi? Asipotaja mwaka, msimpe kura.