Wingi wa Vitabu Una Siri Gani?

Mwezi wa Machi 2022, mwandishi wa Kimarekani aitwaye Brandon Sanderson aliwatangazia wasomaji wake jambo lililowaacha vinywa wazi. Alisema kuwa katika miaka miwili ya janga la korona, juu ya vitabu alivyokwisha kuahidi, alikuwa ameandika riwaya nne zaidi ambazo watu hawakuwa na habari nazo. Akaomba dola milioni moja kupitia Kickstarter, mtandao wa kuchangisha fedha, ili azichapishe mwenyewe. Mwezi ulipokwisha, watu zaidi ya 185,000 walikuwa wamechanga zaidi ya dola milioni 41. Riwaya zote nne zilitoka mwaka wa 2023.

Tangu hapo watu hawakomi kuuliza: huyu bwana anaandikaje? Wako wasemao kuwa ana kipaji ambacho wengine hawakupewa. Wako wadaio kuwa mwenye kuandika mengi hivyo hana budi kuwa anaandika ovyo. Mimi nimeishi na mashairi na magazeti kwa miaka mingi, na naona makundi haya mawili yote yamepita kando ya jambo lenyewe.

Kazi ya Sanderson ni riwaya za ulimwengu wa kubuni, wenye miungu yake, vita vyake na uchawi wake. Msomaji aliyelelewa na ngano za majini hatauona mgeni. Lakini ngano huisha kabla ya usingizi, na kitabu chake kilichotoka Desemba 2024, Wind and Truth, kina kurasa zaidi ya 1,300, nacho ni cha tano tu katika mfululizo anaotaka ufike vitabu kumi.

Alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Utah, alitafuta kazi ya zamu ya usiku katika hoteli kwa sababu moja: wageni wakishalala, karani ana nafasi ya kuandika. Aliandika riwaya zaidi ya kumi kabla ya moja kupata mchapishaji. Hiyo ndiyo Elantris, iliyotoka 2005, nayo ilikuwa ya sita katika kuandikwa. Basi zile riwaya nyingine aliziandika bila ya mnunuzi, bila ya msifu, na bila ya ahadi ya senti moja. Mwaka wa 2007, Robert Jordan alipofariki akiwa hajaumaliza mfululizo wake wa The Wheel of Time, mjane wake, ambaye ndiye aliyekuwa mhariri wake, alimteua Sanderson aumalizie. Vitabu vitatu vya mwisho vikatoka 2009, 2010 na 2013, huku akiendelea kutoa na vyake mwenyewe.

Sasa tuangalie siku yake inavyokwenda. Ameeleza mara nyingi kuwa huandika vipindi viwili: alasiri saa kama nne hivi, jioni hukaa na mkewe na watoto, kisha hurudi kwenye kazi usiku mkubwa watu wakiwa wamelala. Kipimo chake ni maneno kama 2,000 kwa siku. Fanya hesabu, msomaji: maneno 2,000, siku tano kwa wiki, ukifika wiki ya hamsini una maneno laki tano. Bandu bandu huisha gogo.

Hakai akingoja maneno yamshukie. Kwanza huupanga mwisho wa hadithi, akarudi nyuma akiorodhesha mambo yatakayomfikisha huko, ndipo akaanza kuandika. Akichoshwa na kitabu kikubwa, hupumzikia kitabu kidogo. Na maendeleo ya kila mswada huyaweka hadharani kwa asilimia, wasomaji wakaona umefika wapi.

Sisi tuliopita chuoni tunaijua njia hii. Mwalimu hakutupa juzuu nzima. Alituandikia aya chache ubaoni. Tukishazihifadhi, ubao ulioshwa, na kesho zikaja nyingine. Mtoto wa akili ya kawaida alihitimu juzuu thelathini kwa mwendo huo, na mwenye akili kali aliyekuja siku moja na kutoroka tatu hakufika popote.

Hata hivyo si haki kusema kuwa yote ni bidii ya mtu mmoja. Sanderson na mkewe wana kampuni yao yenye wahariri, wachoraji na watu wa kufunga vitabu na kuvipeleka kwa wanunuzi. Saa zake zinalindwa na saa za watu wengine. Zile riwaya nne zenyewe zilipata nafasi pale safari zake zilipokatizwa na janga. Wala hakosi wakosoaji: mwaka wa 2023 jarida la Wired lilimfanyia kejeli kuwa sentensi zake ni za kawaida mno. Yeye aliwasihi mashabiki wasimwandame mwandishi wa makala hiyo.

Kwetu Kenya maneno haya yana uzito wake. Aghalabu mwandishi wetu wa riwaya ni mwalimu au mwajiriwa, aandikaye akiwa amechoka, na mchapishaji wake anaangalia kwanza kama kitabu kitaingia shuleni. Riwaya isiyo na mtihani mbele yake hukaa katika sanduku. Kumwambia mtu huyo aige saa nane za Sanderson ni kumdhihaki.

Lakini yule karani wa hoteli hakuwa na saa nane wala kampuni, na ndiye aliyemzaa huyu wa leo. Vijana wengi huniletea mlango mmoja wa riwaya na kuniambia wanangoja wapandwe tena na mori. Jibu langu ni kuwa wachague saa moja ya usiku na waihifadhi kama amana. Na wasomaji nao wana sehemu yao. Wale 185,000 walilipia vitabu ambavyo havijapigwa chapa. Wasemao Kiswahili ni mamilioni kwa mamilioni. Wangapi kati yetu wamenunua riwaya ya Kiswahili mwaka huu, bila ya mwalimu kuwaamuru?