Taa ya Swichi Mbili Haina Upande wa Kuzima

Leo naomba tutoke kidogo kwenye palizi na mikorosho, tuingie ndani ya nyumba. Sababu ninayo. Kila fedha za ufuta au korosho zikiingia, hapa Ruangwa naona mambo yale yale: mabati mapya, rangi mpya na taa mpya. Holda ya zamani inayoning'inia inatolewa, inafungwa taa ya LED ya duara. Ni jambo zuri. Lakini kwenye nyumba zetu za zamani kuna taa moja nataka uiheshimu kuliko zote: taa ya korido.

Nyumba ninayoisema unaijua. Mlango wa mbele, korido katikati, vyumba kushoto na kulia, mlango wa nyuma unatokea uani. Swichi moja iko mlango wa mbele, nyingine mlango wa uani. Ukiingia unawasha huku, ukitokea kule unazima. Mpangilio mzuri sana, hasa kwa mama anayetoka jikoni usiku na sufuria ya moto mkononi.

Maoni yangu ni haya: kwenye taa hiyo swichi haiwezi kukuambia kwamba umeme umekatika. Anayeiamini anaweka maisha yake rehani.

Kwa nini nasema hivyo

Swichi ya kawaida ina skrubu mbili za waya. Inaunga au inakata, basi. Swichi ya njia mbili ina skrubu tatu: moja inaitwa komoni, nyingine mbili kwa kawaida zimeandikwa L1 na L2. Moto unaingia kwenye komoni ya swichi ya kwanza, unapita kwenye waya moja kati ya mbili zinazokwenda swichi ya pili, unatokea kwenye komoni ya huko na kwenda kwenye taa. Swichi zote mbili zikichagua waya ileile, taa inawaka. Zikitofautiana, inazimika.

Maana yake hakuna upande wa kuwasha wala wa kuzima. Wewe umezima hapa, mtoto akipita uani akabonyeza kule, moto unakufikia mkononi. Na hata taa ikiwa imezimwa, kati ya zile waya mbili ukutani kuna moja ina moto wakati wote.

Kuna jambo baya zaidi. Katika baadhi ya nyumba, aliyefunga umeme alitaka kubana waya, akapeleka moto na nyutro kwenye kila swichi, taa akaiweka katikati. Taa inawaka na kuzima vizuri tu, huwezi kushtuka. Lakini ikizimika, waya zote mbili kwenye holda zinaweza kuwa na moto. Kwenye nyumba ya namna hiyo hata kubadilisha globu ni hatari.

Kosa nililolifanya mwenyewe

Mimi ni mtu wa mbegu na mbolea, si fundi umeme. Jioni moja umeme ulikatika mtaa mzima. Nikasema hii ndiyo nafasi, nibadilishe taa ya korido. Nikapanda juu ya meza, nikafungua holda, nikashika waya. Umeme ukarudi. Nilirushwa nikaangukia magunia ya mbaazi yaliyokuwa pembeni ya ukuta. Yasingekuwepo yale magunia ningeangukia sakafu ya saruji, na leo huenda nisingekuwa naandika.

Nimegundua hili si langu peke yangu. Wengi wetu tunabadilisha taa umeme ukikatika, au yuniti za LUKU zikiisha. Ndugu yangu, huko si kukata umeme. Umeme uliokatika mtaani unarudi bila kupiga hodi. Na yuniti zikiisha, kijana wako akinunua nyingine kwa simu na kuingiza namba kwenye rimoti ya mita, nyumba nzima inawaka wakati wewe uko juu ya meza. Umeme wetu wa nyumbani ni volti 230. Unatosha kuua.

Usiamini rangi za waya

Nyumba nyingi za zamani zina rangi tulizorithi kwa Waingereza: moto nyekundu, nyutro nyeusi, ethi kijani. Uingereza yenyewe iliachana na nyekundu na nyeusi kati ya 2004 na 2006: moto ikawa kahawia, nyutro bluu. Ethi sasa ni kijani na njano. Kebo ya zamani ya kuunganisha swichi mbili ilikuwa na nyekundu, njano na bluu, na zote tatu zinaweza kubeba moto. Ya sasa ina kahawia, nyeusi na kijivu. Ona mtego huo: bluu ya kwenye swichi ya zamani inaweza kuwa moto, bluu ya kebo mpya ni nyutro. Nyumba iliyoongezewa vyumba kwa miaka tofauti inaweza kuwa na rangi za aina zote mbili. Kuna nyumba nyingine fundi alitumia rangi yoyote aliyokuwa nayo mfukoni.

Tena, ukifungua holda ya zamani unaweza kukuta waya nyekundu tatu na nyeusi tatu. Wengi wanaunganisha nyekundu zote pamoja na nyeusi zote pamoja, wanadhani wamemaliza. Kumbe moja ya zile nyeusi ni ile inayorudi kutoka kwenye swichi, siyo nyutro. Matokeo yake taa inawaka muda wote, na ukibonyeza swichi fyuzi inakatika.

Fanya hivi

1. Fanya kazi asubuhi au mchana, kukiwa na mwanga wa kutosha. Usianze jioni.

2. Hakikisha testa yako ni nzima. Ijaribu kwenye soketi yenye umeme kabla hujaanza.

3. Zima meinswichi. Kama ni ya fyuzi, chomoa fyuzi ya taa uiweke mfukoni mwako. Waambie wote waliomo ndani, na mtu mzima mmoja akae karibu na meinswichi mpaka umalize.

4. Fungua kifuniko cha taa bila kugusa waya, kisha pima kila waya kwa testa. Nenda kabonyeze swichi ya mbele, pima tena. Kabonyeze ya uani, pima tena. Testa ikiwaka hata mara moja, funga, shuka, ita fundi.

5. Piga picha kwa simu kabla hujalegeza skrubu hata moja. Funga kipande cha tepu kwenye kila waya, uandike ilipotoka. Hatua hii ndiyo inayookoa swichi zako mbili.

6. Rudisha waya zilezile kwenye kazi zilezile. Taa mpya inahitaji mbili tu, ile inayotoka kwenye swichi na nyutro, pamoja na ethi. Waya nyingine zilizokuwa zimeunganishwa pamoja zibaki zimeunganishwa vilevile, kwa konekta, si kwa kusokota na kufunga selotepu.

7. Kama hakuna ethi pale juu, usifunge taa yenye mwili wa chuma. Nunua ya plastiki.

Ukikuta ganda la waya limekauka na linapukutika ukiligusa, simamisha kazi. Hapo tatizo si taa tena, ni waya za nyumba.

Jambo jingine linalowasumbua watu: taa mpya ya LED inabaki na mwanga hafifu usiku hata ikizimwa. Si jini. Waya mbili ndefu zinazotembea sambamba huambukizana umeme kidogo, na LED inahitaji kidogo sana kuonyesha mwanga. Lakini dalili hiyohiyo inaweza kumaanisha swichi inakata nyutro badala ya moto, kwa hiyo fundi aikague.

Kuhusu fundi

Kuna watakaosema, "Bwana shamba, waambie tu waite fundi." Nakubali, na kama una shaka hata kidogo, mwite. Anayefunga umeme majumbani anatakiwa kuwa na leseni ya EWURA, usione haya kumwomba akuonyeshe. Lakini kumwita fundi hakukuondolei wajibu wa kujua. Wapo wanaoshindwa kuzipanga zile waya, wanaunga moja kwa moja na kuiua swichi ya uani, kisha wanakwambia, "Mzee, hizi swichi mbili ni za zamani, moja inatosha."

Haitoshi. Aliyeweka swichi ya pili alimfikiria bibi anayetoka uani usiku bila kuona anapokanyaga, na nyoka huku kwetu tunawajua. Kabla hujalipa, simama mlango wa mbele, uwashe. Tembea mpaka uani, uzime. Washa ukiwa hukohuko, rudi mbele, uzime. Kama kuna hatua moja imegoma, kazi haijaisha na hela isitoke.

Msimu huu tuweke taa mpya, nyumba zipendeze. Ila ukitaka kuigusa ile ya korido, anza na meinswichi.

Tukutane wiki ijayo, tutarudi shambani.