Ngeli zisiachwe nje ya somo la Kiingereza

Mwanafunzi wa Kehancha akiandika "The children plays in the field", sentensi hupigwa alama nyekundu na somo huendelea. Ni nadra mtu kuuliza kosa hilo limetoka wapi. Nalo lina asili, tena asili yenye mantiki. Mtoto ameambiwa kwamba herufi "s" ndiyo alama ya wingi katika Kiingereza. Watoto ni wengi, basi naye amekiwekea kitenzi alama hiyo, kwa kuwa katika lugha alizokulia wingi wa nomino hukifuata kitenzi popote kiendako.

Mji huu wa Kuria Magharibi, katika kaunti ya Migori, hauko mbali na Isebania, pale mpaka unapovukwa kwenda Sirari nchini Tanzania. Nyumbani huzungumzwa Igikuria, sokoni Kiswahili, na ukishuka kuelekea Migori mjini, Rongo na Homa Bay unaingia katika eneo la Dholuo. Igikuria ni lugha ya Kibantu, na wingi wake hutangulia mwanzoni mwa neno: mmoja ni Omokuria, wengi ni Abakuria. Majina ya koo nayo yamebeba alama hiyohiyo, Abakira, Abagumbe, Abanyabasi na Abairege. Dholuo haimo katika ukoo wa Kibantu, na wingi wake huonekana zaidi mwishoni mwa neno: "got" ni mlima, "gode" ni milima, "buk" ni kitabu, "buge" ni vitabu. Kwa hiyo watoto wawili wanaokalia dawati moja huweza kuufikia wingi wa Kiingereza kutoka pande mbili tofauti kabisa.

Kinachowatatiza wote wawili ni kitenzi. "The boy runs", lakini "the boys run". Nomino ikiongezewa "s", kitenzi huiacha yake. Zamani Kiingereza kilikuwa na viambishi tamati vya nafsi mbalimbali. Vingi vilipotea kwa karne nyingi, na katika vitenzi vya kawaida ikabaki "s" ya nafsi ya tatu umoja, wakati uliopo. Haikuwahi kuwa alama ya wingi. Ni mabaki tu, na mtoto akielezwa hivyo mara moja huacha kuitafutia maana isiyokuwa nayo.

Hata hivyo, sehemu ngumu zaidi ya upatanisho wa Kiingereza mtoto huyu anaijua tayari. Ichukuliwe sentensi hii: "One of the girls in the two schools has lost her books." Wasichana ni wengi, shule ni mbili, vitabu ni vingi, na bado kitenzi ni cha umoja. Wanafunzi wengi huandika "have", kwa sababu "girls" na "schools" zimekaa karibu na kitenzi na kukivuta. Sasa isemwe kwa Kiswahili: "Mmoja wa wasichana wa shule zile mbili amepoteza vitabu vyake." Nani darasani angesema "wamepoteza"? Kila mmoja husikia kwamba aliyepoteza ni mmoja. Vivyo hivyo, mkulima husema "gunia la maharagwe limefika", hasemi "yamefika", hata maharagwe yawe maelfu. Gunia ndilo bwana wa sentensi, na neno "la" limeyaweka maharagwe nyuma yake. Kihusishi "of" hufanya kazi hiyohiyo katika "the bag of beans has arrived".

Ufanano huo unafika mbali kuliko wengi wanavyodhani. "Mmoja wa wasichana walioshinda amefika" ina umoja na wingi ndani ya sentensi moja: walioshinda ni wengi, aliyefika ni mmoja. Kiingereza sanifu nacho husema "one of the girls who have won has arrived". Hapo hata Waingereza wenyewe hujikwaa na kuandika "who has won". Mtoto wa Kehancha aliyefundishwa ngeli ya A-WA vizuri ana msaada ambao mtoto wa London hana.

Viwakilishi vina mtego mwingine. Kiambishi "a-" katika "Mama yangu anauza viazi" lazima kiwepo, ndiyo maana mwanafunzi huandika "My mother she sells potatoes", akidhani "she" nayo haiepukiki. Pengine ataandika "he", kwa sababu Kiswahili hakimlazimishi kutenga mwanamume na mwanamke katika kitenzi. Katika kukosea huko anafuata kanuni za lugha yake kwa uaminifu.

Vihusishi ndivyo hudumu kusumbua hata watu wazima ofisini. Kiswahili huficha kazi kubwa ndani ya kitenzi: katika "alimnunulia mwanawe vitabu", ile "-li-" iliyo kabla ya irabu ya mwisho hufanya kazi ya "for". Kwa upande wa pili, mtu aliyezoea "kuzungumza kuhusu" jambo huandika "discuss about", na anayefikiri "inalingana na" huona "it depends with" imekaa sawa, ingawa Kiingereza sanifu kinataka "on". Hapa hakuna kanuni moja ya kuokoa. Ni kusoma sana na kukariri vitenzi pamoja na vihusishi vyake.

Sera ya Kenya imeyumba kuhusu lugha ya darasani. Tume ya Ominde ya 1964 iliunga mkono Kiingereza tangu darasa la kwanza. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ikapendekeza lugha ya eneo kwa miaka ya mwanzo. Katiba ya 2010, Ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi, huku ikiitaka Serikali kuendeleza lugha za asili. Lakini desturi ya kumvisha mtoto kibao shingoni kwa kusema lugha ya mama, ambayo Ngũgĩ wa Thiong'o aliieleza kwa uchungu mwaka 1986, imeacha fikra kwamba Kiingereza hujifunzwa kwa kuzifukuza lugha nyingine.

Wazazi wanaotaka watoto wao wafaulu Kiingereza wana haki. Mitihani na ajira zinakidai. Ndiyo sababu mwalimu wa Kiingereza aruhusiwe, waziwazi na bila kuogopa mkaguzi, kuandika ubaoni "gunia la maharagwe limefika" juu ya "the bag of beans has arrived", apige mstari chini ya "limefika" na "has", kisha aliulize darasa ni neno gani linalotawala kila kitenzi. Walimu wa Kiswahili na wa Kiingereza wa shule moja wangeweza kupanga wiki ya ngeli ya LI-YA iende sambamba na wiki ya upatanisho wa Kiingereza. Kazi hiyo haihitaji kitabu kipya. Inahitaji walimu wawili wakae pamoja kabla ya muhula kuanza.