Mteja wa Kwanza Hulipa Ada

Na Idrisa Mwinchande

Kampuni ya Fairchild Semiconductor ilipopata oda yake ya kwanza, mwanzoni mwa 1958, haikuwa na bidhaa hata moja ya kumwonyesha mteja. Waanzilishi wake wanane walikuwa wameondoka kwa William Shockley miezi michache tu kabla, Septemba 1957, kwa kuwa mshindi huyo wa Nobel alikuwa hakaliki naye. Walikuwa na jengo, fedha za kuanzia kutoka kwa Sherman Fairchild, na ujuzi wao vichwani. IBM ikawaagiza transista 100 za silikoni kwa dola 150 kila moja. Dola 15,000 hazijengi kiwanda. Lakini oda ile iliwaambia waanzilishi jambo ambalo mwekezaji hawezi kuwaambia: transista ihimili joto kiasi gani, ifanye kazi kwa kasi ipi, na lini iwe tayari, maana IBM ilikuwa inaunda kompyuta ya ndege ya kivita na ilikuwa haijapata kwingine kifaa cha kufaa. Zilipokamilika, transista hizo 100 zilipakiwa ndani ya boksi tupu la stiliwaya za Brillo, la kuokota dukani, zikasafirishwa.

Historia ya kampuni changa za semikondakta husimuliwa kwa namna mbili. Kuna masimulizi ya vipaji, ya watu wachache wenye akili za kutisha waliothubutu kuacha kazi. Kuna pia masimulizi ya fedha, ya Arthur Rock na wawekezaji wenzake wa California waliokubali kuhatarisha mamilioni. Yote mawili yana ukweli, na yote mawili yanaruka mtu mmoja. Hoja yangu wiki hii ni kwamba kampuni changa ya chipu huishi au hufa kwa mteja wake wa kwanza, yule anayekubali kuilipia ada wakati ingali darasani. Nasema chipu, na msomaji asinichanganye na mwenye kibanda cha chipsi mayai, ingawa naye anajua vizuri kwamba mafuta hayawekwi motoni kabla ya mteja kukaa.

Ugumu wa biashara hii uko katika gharama ya kukosea. Anayeandika programu ya simu akigundua kasoro usiku, hurekebisha alfajiri, na watumiaji wakiamka wanakuta toleo jipya. Chipu haina alfajiri ya namna hiyo. Mchoro wake hugeuzwa kuwa seti ya vioo, na kupitia vioo hivyo mwanga huchapa tabaka juu ya tabaka kwenye kisahani cha silikoni, kazi inayochukua wiki nyingi, na kwa chipu za kisasa kabisa hufika miezi. Kosa moja dogo kwenye mchoro, na baadhi ya vioo vinatengenezwa upya, foleni ya kiwandani inaanza upya, huku mishahara ikiendelea kulipwa. Kwa teknolojia ya kisasa, seti ya vioo peke yake hugharimu mamilioni ya dola. Kwa hiyo kampuni changa hapa haina nafasi ya kujaribu mara ishirini. Ina nafasi moja, pengine mbili, na swali ni nani atalipia ile ya pili.

Mfano unaonishawishi zaidi ni wa Nvidia, kwa sababu ni wa kampuni iliyokosea vibaya. Jensen Huang, Chris Malachowsky na Curtis Priem waliianzisha mwaka 1993, na chipu yao ya kwanza, NV1, ilitoka 1995 ikichora picha kwa nyuso zilizopinda. Muda si mrefu Microsoft ikaleta Direct3D, iliyojengwa juu ya pembetatu, na watengenezaji wa michezo wakaifuata. Wakati huo Nvidia ilikuwa na mkataba na Sega wa Japani wa kuiundia chipu ya mashine ya michezo kwa mbinu ileile iliyokuwa imepitwa. Huang amesimulia hadharani alivyomwendea Shoichiro Irimajiri wa Sega: alimwambia kwamba njia waliyochukua ni ya makosa, kwamba Sega itafute mtu mwingine, na kwamba hata hivyo aliomba alipwe, kwani bila fedha hizo kampuni ingefilisika. Irimajiri alikubali. Dola milioni 5 za Sega zikainunulia Nvidia kama miezi sita ya uhai, nusu na zaidi ya wafanyakazi wakapunguzwa, na waliobaki wakaanza upya na pembetatu.

Namna walivyotumia miezi hiyo ndiyo inayopasa kusomwa kwa makini. Walinunua mashine ya kuigiza chipu, kifaa ghali mno kwa kampuni iliyokuwa inahesabu siku zake, kinachoendesha mchoro wa chipu kabla chipu yenyewe haijakuwepo. Kilikwenda mwendo wa kobe. Mhandisi alikaa mbele ya kioo akingoja picha moja ikamilike, kisha nyingine, akitafuta kasoro katika mchezo ambao mtoto angeucheza kwa kasi ya umeme. Lakini kasoro ikionekana pale, dawa yake ni kufuta na kuandika upya. Baada ya kuridhika walipeleka mchoro kiwandani moja kwa moja, bila ya kutengeneza sampuli za majaribio. RIVA 128 ilitoka 1997, na ndani ya miezi minne ziliuzwa milioni moja. Wengi husifu ujasiri wa uamuzi ule. Mimi naona risiti: ada ya somo lote hilo ililipwa na Sega, mteja ambaye hakupata chipu aliyoiagiza.

Hapo kuna nusu ya pili ya hoja, ambayo bila yake nusu ya kwanza ni hatari. Mteja hulipa ada, lakini cheti kinabaki cha nani? Intel ilijibu swali hilo mapema. Kampuni ya Kijapani ya Busicom iliiagizia chipu za kikokotoo, na kutokana na kazi hiyo ikazaliwa 4004, yenye transista 2,300, iliyotangazwa Novemba 1971. Kwa mkataba wa awali, chipu ile ilikuwa ya Busicom. Busicom ilipobanwa na ushindani na kuomba ipunguziwe bei, Intel ilikubali, nayo ikataka haki ya kuiuza chipu hiyo kwa wengine nje ya soko la vikokotoo, ikarudisha na dola 60,000. Sijui kama kuna dola 60,000 zilizotumika vizuri zaidi katika karne iliyopita. Waanzilishi wenye njaa ya oda husaini chochote, kisha wanagundua wamekuwa fundi wa kushonea duka la mtu mwingine.

Uingereza inatupa jozi ya mifano inayofaa kuwekwa pamoja. Tarehe 26 Aprili 1985 chipu ya kwanza ya ARM iliwashwa katika kampuni ya Acorn, mjini Cambridge. Mhandisi wake Steve Furber alipopima umeme ambao chipu inautumia, kipimo kilisoma sifuri. Ikaja kugundulika kwamba ubao wa majaribio ulikuwa na hitilafu na waya wa umeme haukuifikia chipu kabisa. Ilikuwa inafanya kazi kwa mabaki ya umeme yaliyovuja kutoka kwenye nyaya za ishara. Ni ajabu ya kusimuliwa vijiweni, lakini kwa miaka mitano haikuwa biashara ya kutajirisha, kwa kuwa kompyuta ya mezani imechomekwa ukutani na mwenye nayo hajali. Thamani yake ilionekana alipokuja mteja mwenye betri. Apple ilitaka kuunda kifaa cha kushika mkononi, ikaungana na Acorn na VLSI Technology, na Novemba 1990 ARM ikasimama kama kampuni yenye wahandisi 12, baadaye ikihamia katika ghala la shamba nje ya Cambridge. Kifaa cha Apple, Newton, hakikufanikiwa sokoni. ARM haikufa nacho, kwa sababu ilikuwa huru kuuza leseni kwa mwingine na kukusanya mrabaha, na kufikia mwisho wa 1997 ilikuwa ndani ya simu ya Nokia 6110.

Upande wa pili uko Bristol. Graphcore ilianzishwa 2016 kutengeneza chipu za akili mnemba, ikakusanya takriban dola milioni 700, na mwishoni mwa 2020 ikathaminiwa dola bilioni 2.8. Wahandisi wake hawakuwa wa kubahatisha. Mauzo yake ya mwaka 2022 yalikuwa dola milioni 2.7, na hasara ikapita dola milioni 200. Julai 2024 ilinunuliwa na SoftBank. Fedha ilikuwepo, kipaji kilikuwepo. Aliyekosekana ni mnunuzi mkubwa ambaye mipango yake ingekwama bila chipu ile. Waliokuwepo wangeweza kununua za Nvidia, na walinunua.

Atakayepinga ataniambia kwamba nimechagua walionusurika na kuwafanya ushahidi. Ni pingamizi halali, na lina mfano wake. Transmeta, iliyoanzishwa 1995, ilikuwa na chipu isiyokula umeme mwingi na ilikuwa na wateja wa haja, Sony na Fujitsu wakiwemo, waliotia chipu ya Crusoe ndani ya kompyuta zao. Hata hivyo ilishindwa, ikaacha kuuza chipu na kubaki ikiishi kwa hataza zake. Nakubali, basi, kwamba jina kubwa kwenye mkataba halitoshi. Sony na Fujitsu walikuwa wanaonja. Intel ilipoleta chipu zake za kubana umeme walirudi kule walikozoea bila hasara yoyote. Mteja ninayemzungumzia ni yule ambaye ukianguka, naye anajikwaa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba nyuma ya yote haya ilikuwepo serikali. Ni kweli. Inakadiriwa kwamba mwaka 1963 mradi wa Apollo pekee ulitumia asilimia 60 ya saketi unganifu zilizotengenezwa Marekani. TSMC, iliyoanzishwa Taiwan mwaka 1987 na Morris Chang akiwa na miaka 55, ilianza kwa mtaji ambao karibu nusu ulitoka serikalini na zaidi ya robo kwa Philips, baada ya Intel na Texas Instruments kukataa kuchangia. Lakini angalia serikali hizo zilifanya nini. Marekani haikuipa Fairchild tuzo ya ubunifu. Ilinunua, ikakataa zilizo mbovu, ikanunua tena kwa bei ndogo zaidi. Taiwan ilitoa mtaji, ila mwenzake katika hisa alikuwa Philips, kampuni iliyozijua chipu na iliyoleta teknolojia yake, na Chang akaweka sharti la kutotengeneza bidhaa zake mwenyewe ili asishindane na wanaomletea kazi. Serikali kama mnunuzi mkali, ndiyo. Serikali kama mgawaji wa bahasha, ushahidi wake ni mdogo.

Hili linatugusa. Nyeri, Kenya, ndani ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kampuni ya Semiconductor Technologies Limited inafanya kazi ya semikondakta, na kila inapotajwa mazungumzo hukimbilia kwa wafadhili na mikopo. Wengine hukimbilia Kongo na koltani, kana kwamba mwenye udongo ndiye mwenye chungu. Silikoni yenyewe hutoka kwenye mawe ya kwatzi yaliyojaa duniani. Kinachotupasa kukitazama ni daftari la manunuzi. Mashirika yetu ya umeme hununua mita za malipo ya kabla, LUKU kwa huku kwetu Tanzania, kwa wingi mkubwa. Mamlaka za kodi zinasimamia mashine za risiti, idara za vitambulisho zinatoa kadi. Chipu za vifaa hivyo hazihitaji teknolojia ya kilele, na mnunuzi wake hana pa kukimbilia: taifa haliwezi kuacha kupima umeme.

Sitarajii kiwanda cha mabilioni Kibaha mwakani. Usanifu wa chipu ya mita ni kazi ya wahandisi wachache, na viwanda vya nje vipo vya kuichapa. Kwa hiyo ombi langu ni dogo, na linawahusu wanaoandika zabuni. Zabuni ijayo ya mita itenge fungu dogo kwa chipu iliyosanifiwa Afrika Mashariki, kwa vipimo vikali na tarehe ya mwisho, bila huruma kwa zitakazofeli, na mkataba useme wazi kwamba mchoro ni mali ya waliouchora.