Staa Katuuzia Rimoti Hewa, Dogo wa Kibondo Katengeneza ya Kweli

Wadau, leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani. Nina la moyoni kuhusu staa mmoja, jina kapuni, yule aliyetrendi na klipu ya sebuleni kwake. Anasema "zima taa", taa inazima. Anasema "weka mpira", TV inawaka. Mwisho anaitazama kamera na kusema hata wewe unaweza, shusha programu hii kwenye simu yako, rimoti zote za nyumbani zimo humo.

Na sisi hapa tukaiposti. Aliyeandika "hizi ndo levo" pale juu ni mimi, kwa hiyo sijitoi kwenye lawama.

Sasa sikieni. Mama yangu mdogo yuko Kasulu mjini, ana kibanda umiza. Kiingilio mia tano, chai na chapati pembeni. Tangu umeme wa gridi ya taifa ufike mwaka 2022, zile jenereta za dizeli zikapumzishwa, biashara yake imekaa vizuri kuliko zamani. Wiki ya Simba na Yanga, rimoti ya king'amuzi ikadumbukia kwenye ndoo ya maji ya vyombo. Kwisha habari. King'amuzi chenyewe mbele kina vitufe vya kupanda na kushuka chaneli tu, na kilikuwa kimeganda kwenye ukurasa unaotaka ubonyeze OK. Madukani pale Kasulu rimoti ya aina ile haikuwepo, akaambiwa aagize Kigoma. Mechi Jumamosi, na hiyo ilikuwa Alhamisi jioni.

Akanipigia. "Mwanangu, ile rimoti ya kwenye simu si wewe uliiweka?" Nikamwambia ndiyo mama, ishushe. Akashusha. Programu ikataka elfu tano ya kufungua "rimoti zote", akalipa. Akabonyeza OK mpaka kidole kikauma. Kilichokuja ni matangazo.

Ukweli ambao staa hakuusema ni huu: rimoti ya king'amuzi inaongea kwa mwanga. Mbele yake pana kibalbu cha LED kinachotoa mwanga wa infraredi, macho yetu hayauoni. Kwa rimoti nyingi mwanga huo unapepesa kama mara 38,000 kwa sekunde, na kila kitufe kina mpangilio wake wa kuwaka na kuzima. Kama simu yako haina hicho kibalbu, programu haiwezi kukizaa. Samsung Galaxy S4 ya 2013 ilikuwa nacho, simu nyingi za Xiaomi zinacho, simu kibao tunazotumia hazina. Simu ya mama mdogo haina. Sebule ya staa inaendeshwa na vifaa vilivyounganishwa kwenye waifai yake, hayo ni mambo mengine kabisa.

Aliyeokoa jahazi ni binamu yangu, dogo fundi simu wa Kibondo. Kapanda gari Ijumaa asubuhi na laptop kuukuu iliyokatika bawaba na mfuko wa rimoti zilizokufa. Nilikuwa hewani kwa video muda wote, nikijifanya namsimamia. "Dada shikamoo, usikate simu, angalia," akaniambia.

Kwanza ilibidi laptop ifundishwe. Ndani yake kaweka Linux na programu ya bure inaitwa LIRC, ipo tangu miaka ya tisini, kazi yake ni kurekodi na kutuma maneno ya rimoti. Jicho la kupokea alilitoa kwenye TV mbovu, akalipa umeme wa USB, akalichomeka kwenye tundu la maiki. Sasa rimoti ya kuigiwa itoke wapi? Jirani anayo ya aina ileile, ila jirani naye ana kibanda umiza! Mama mdogo alikwenda mwenyewe na sahani ya migebuka. Akapewa rimoti kwa nusu saa, mtoto wa jirani kaja nayo na kukaa kuilinda. Dogo akabonyeza kitufe kimoja kimoja, laptop ikaandika.

Kutuma ndiko kulikonifanya ninyamaze. Kachukua LED mbili za rimoti zilizokufa, kazigeuza moja huku moja kule, kaziunga kwenye waya wa hedifoni uliokatwa, upande wa kushoto na wa kulia. Kumbe sauti ya laptop ile haiwezi kufika mtetemo wa 38,000. Inafika 19,000 bila shida. Basi wimbi likipanda inawaka LED ya kwanza, likishuka inawaka ya pili, hapo mapepeso yanakuwa mara mbili, ndiyo hiyo 38,000. Sauti kaweka mpaka mwisho. Akanionyesha kwa kamera ya mbele ya simu, vile vibalbu vikawa vinapepesa zambarau. Kabonyeza. OK. Ukurasa ukaondoka. Mama mdogo alipiga kigelegele kama kuna harusi.

Mwanga wa LED za namna hiyo hauendi mbali, kwa hiyo alizibandika palepale kwenye jicho la king'amuzi na kufunika kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Mimi nikaona ni uchafu tu. Kumbe infraredi haina nywila. Mtu yeyote mwenye simu yenye kibalbu anaweza kukaa nyuma ya kibanda na kubadili chaneli wakati wa penalti. Amewahi kuona ngumi zikipigwa Kibondo kwa mchezo huo. Kwa ile karatasi, king'amuzi kinasikia laptop peke yake. Jumamosi kibanda kilijaa mpaka watu wakasimama nje.

Nikaiposti klipu yake. Mlichoandika nyie, wengine nawajua kwa majina: "Kavumbua nini huyo", "Laptop nzima kuwasha TV, wa mikoani bwana", "Nunua rimoti". Dogo amezisoma zote. Akaniuliza kwa upole kama nitaweza kuifuta, kwa sababu kuna mteja wake Kibondo kaiona na kamcheka. Nikaifuta. Imeniuma kuifuta kuliko nilivyoumia kwa ile elfu tano. Klipu ya staa kwetu ilikaa wiki tatu, mioyo na moto kila mahali, hakuna aliyeuliza inafanya kazi kwenye simu gani.

Staa, najua timu yako inasoma hapa. Hela ya tangazo umeshakula, sawa. Weka basi mstari mmoja chini ya ile klipu: simu isiyo na infraredi isishushe. Ya kwetu tumeitoa jana, na elfu tano ya mama mdogo nimemrudishia mimi kutoka mfukoni. Dogo bado hajakubali niiposti tena kazi yake. Nimemwomba angalau anipe picha ya zile LED bila sura yake.

Kama na wewe ulilipia ile programu, andika hapo chini ulikatwa shilingi ngapi na simu yako ni aina gani. Nataka nimpelekee orodha.