DRC: Wanafunzi wa sheria wajitangaza mitandaoni, mpaka uko wapi?

Kwenye Facebook, TikTok na makundi ya WhatsApp ya Lubumbashi, Bukavu au Kinshasa, wanafunzi wa sheria wanazidi kusikika. Mmoja anaeleza haki za mtu aliyekamatwa na polisi, mwingine anafafanua sheria ya ardhi. Wapo pia wanaoweka picha wakiwa na suti na kuandika mbele ya jina lao neno « Maître ».

Sababu inaeleweka. Wenye diploma ya sheria ni wengi, na kupata ofisi ya wakili ya kufanyia mazoezi ni vigumu kwa kijana asiye na mzazi au mjomba katika kazi hiyo. Simu inampa nafasi ya kujulikana ambayo familia haikuweza kumpa. Na wananchi wengi, ambao sheria zao zimeandikwa kwa Kifaransa, wanafaidika kuzisikia kwa Kiswahili.

Tatizo linaanza pale maelezo yanapogeuka kuwa ushauri wa kulipia. Kazi ya uwakili nchini inaongozwa na sheria namba 79-028 ya tarehe 28 Septemba 1979. Mwenye licence ya sheria anaomba kuandikishwa kwenye baraza la mawakili, anakula kiapo mbele ya Mahakama ya Rufaa, kisha anafanya mazoezi kwa miaka 2 chini ya wakili mzoefu. Mwanafunzi bado hajaanza safari hiyo.

Anayeumia ni yule anayemwamini. Katika kesi ya jinai, muda wa kukata rufaa ni siku 10; katika kesi ya madai ni siku 30. Kwa upande wa ardhi, « certificat d'enregistrement » ikishatimiza miaka 2, ni vigumu sana kuipinga. Mama aliyenyang'anywa kiwanja, akiambiwa kwa ujumbe wa simu asubiri kidogo, anaweza kupoteza kila kitu. Wakili akikosea, mteja anaweza kumshitaki kwa bâtonnier, mkuu wa baraza la mawakili. Mwanafunzi akikosea, hakuna bâtonnier wa kumwita.

Kuna pia suala la siri. Mwanafunzi anayejifunza kazi katika ofisi ya wakili akipiga picha ya faili na kuirusha mtandaoni ili aonekane yuko kazini, anaanika mambo ya watu. Kifungu cha 73 cha sheria ya makosa ya jinai kinaadhibu anayetoa siri aliyokabidhiwa kwa sababu ya kazi yake.

Hata hivyo, kuwafunga vijana midomo si dawa. Mwanafunzi anaweza kujitambulisha kama mwanafunzi, kutaja kitivo na mwaka wake, kuonyesha kifungu anachokieleza, na kuacha majina ya wenye kesi. Anayemwandikia akiwa na kesi, amwelekeze kwa wakili, au kwenye ofisi ya ushauri wa bure ya baraza la mawakili kama hana uwezo.

Walimu wa vitivo na mabâtonnier wangeweza kufundisha kanuni hizi tangu mwaka wa kwanza. Kijana aliyezoea kutafuta wateja mtandaoni kabla ya kula kiapo, atapata shida kuacha tabia hiyo akishavaa joho.